Kinanda Kilichonasa Kigelegele

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuona haya kulisema. Kaka yangu ndiye jasiri wa familia, na ujasiri wake umenikosesha raha tangu tukiwa watoto. Kwa hiyo siku aliponishika mkono pale Bunda mjini na kuniambia, "Dada, njoo kwanza uone kitu," moyo ulianza kunienda mbio kabla hata sijajua tunaelekea wapi.

Tuliingia kwenye duka la mzee mmoja wa kanzu, muuza vitambaa na vyombo. Kitu chenyewe alikitoa chini ya kaunta, kimeviringishwa kwenye kanga, ingawa siku hizo hapakuwa tena na sababu ya kuficha bidhaa. Maduka yalikuwa yameanza kujaa. Sabuni ilikuwepo, sukari ilikuwepo, na mtu aliweza kununua shati bila kupanga foleni tangu alfajiri. Ila sisi wenyewe tulikuwa bado hatujaamini. Miaka michache tu nyuma, ukikutwa na redio mpya unaulizwa umeitoa wapi, na jibu likipwaya unalala ndani. Baba yetu mdogo, kule kijijini kwetu kando ya ziwa, alizamisha doti nzima za vitenge kwa kuwaogopa wakaguzi, na mpaka alipokufa hakupenda kuulizwa habari hiyo.

Kanga ilipofunguliwa nikaona kinanda. Kilikuwa cha plastiki, cheusi, si kirefu kuliko mkono wangu kutoka bega hadi kiganja, na vibonyezo vyake vyembamba vilitengenezwa kwa ajili ya vidole vya watoto.

"Kimetoka Kenya, kimepita mpakani Sirari kwa halali," alisema mzee. "Siku hizi ruksa, mwanangu."

"Risiti iko wapi?" niliuliza.

Mzee alimgeukia kaka. "Huyu dada yako wangemwekaga pale forodhani, serikali isingepoteza kitu."

Alinipa risiti, nikaisoma mpaka chini. Ndipo akamwambia kaka asogeze mdomo kwenye kitundu kilichokuwa pembeni, abonyeze kitufe, aseme neno lolote. Kaka akasema, "Shikamoo." Mzee akagusa kibonyezo cha katikati, na kinanda kikasema shikamoo kwa sauti ileile ya kaka yangu. Akagusa cha juu, ikatoka shikamoo nyembamba ya haraka, ya mtoto anayewahi kucheza. Akashuka chini kabisa, ikatoka nzito na ya kujivuta, ya mtu mzee kuliko wazee wote ninaowajua. Nusura niitikie. Badala yake nilirudi nyuma nikaangusha ndoo za watu, na kaka akacheka mpaka akaegemea kaunta.

Niseme tulikuwa tunatafuta nini. Mimi na kaka tulikuwa tunapiga muziki kwenye harusi na sherehe za kipaimara, yeye gitaa na mimi sauti. Yeye aliishi Bweri, Musoma, na mimi nilikuwa nimeolewa Guta, nje kidogo ya Bunda. Tulikuwa na amplifaya ya kuunganisha kwenye betri ya gari na spika moja ya honi, ile yenye mdomo mpana inayofungwaga juu ya nyumba za ibada. Mpiga ngoma wetu alikuwa ametukimbia akaenda kuchimba dhahabu. Ngoma za kizungu hatukuwa na uwezo nazo, na kinanda kikubwa cha bendi tulikiona kwenye kalenda tu. Hiki cha mzee kilikuwa na bei ya watu wa aina yetu, na ndiyo maana kaka alikuwa anakiangalia kwa macho yale.

"Dada, humu ndani kuna mpiga ngoma, kuna mpiga zeze, kuna kwaya nzima," alisema. "Na haviombi nauli."

"Chukueni mkakijaribu," alisema mzee. "Kwenu Guta napajua. Mkikipenda mnaniletea pesa, mkikikataa mnakileta chenyewe."

Nilitoka na kinanda hicho ndani ya kikapu, nimekifunika na mboga. Kaka aliniuliza mboga za nini wakati tuna risiti, nikamwambia asinisumbue.

Tulikijaribu nyumbani kwangu siku kadhaa, na nitasema haki yake kwanza. Kilikuwa chepesi. Kilikuwa na midundo yake mwenyewe ndani. Unabonyeza kitufe, rumba inaanza kutembea, na haichoki wala haiombi pombe. Lakini kubwa lilikuwa lile la kunasa sauti. Kaka alinasa mchi wangu ukipiga kinu, akaupiga kwenye vibonyezo vya chini, ikawa ngoma kubwa kuliko yoyote tuliyowahi kukodi. Alinasa mfuniko wa sufuria, ukawa matoazi. Alininasa mimi nikiimba silabi moja, halafu akaipiga nne kwa pamoja, nikajisikia niko mimi wanne jikoni kwangu. Hapo nywele zilinisimama, lakini sitasema uongo, ilikuwa nzuri.

Sasa kasoro. Vidole vya kaka, vilivyokomazwa na nyuzi za gitaa, vilikuwa vinabonyeza viwili viwili. Sauti zaidi ya nne kwa pamoja kilikuwa hakiwezi. Kilichonaswa kilikuwa kifupi mno. Ukisema "Bwana asifiwe" kinakukatia njiani. Kilishika sauti moja tu ya kunasa kwa wakati mmoja, na ukiingiza nyingine ile ya kwanza imekwenda. Mlio wake ulikuwa na mchanga ndani, wa redio inayoshika stesheni ya mbali. Midundo yake haikujua kumsubiri mwimbaji avute pumzi. Na kilikula betri vibaya sana, wakati betri zenyewe tulikuwa bado tunaziuma na kuzianika juani ili zifufuke. Kubwa kuliko yote, ukikizima kinasahau. Ulichokinasa kinafutika moja kwa moja, mpaka unase upya.

"Inasahauga kila ikizimwa?" aliuliza mume wangu, ambaye alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua mahindi. "Basi mnunue. Tutakuwa wawili humu ndani."

Mume wangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Mpole, wa utani wa chinichini, mkulima anayeongea na ng'ombe wake kuliko na watu. Katika miaka yote ya kukaa naye sikuwahi kumwona ameinua mkono juu ya mtu wala mnyama. Nilipokuwa naogopa radi, naogopa mafuriko, naogopa wakaguzi, yeye ndiye aliyekuwa ukuta wangu.

Vibonyezo vya chini sikuvipenda tangu mwanzo. Kaka alimnasa binti yangu akicheka, na kule juu kicheko kilikuwa kicheko. Alipokishusha, kikawa kilio cha mtu mzima, kilio cha msibani kabisa, na binti mwenyewe akaja kujificha kwenye sketi yangu.

"Kaka, hiki kitu kikishuka kinageuza maana," nilimwambia.

"Woga wako huo," alisema. "Hiyo ndiyo besi."

Wakati tunapima hivyo, ikawadia mahari ya binti wa shangazi yetu. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameolewa Butiama, na bwana harusi alikuwa jirani yetu hapa Guta. Kaka akasema hakuna jaribio zuri kuliko hilo: tukapige mbele ya watu, tuone kama kinanda kinafaa, ndipo tuamue. Nikakubali. Mume wangu aliombwa na upande wa bwana harusi awasaidie kuswaga ng'ombe wa mahari mpaka Butiama kwa sababu anazijua njia. Angekwenda na babamkubwa wa bwana harusi, mzee mkimya mwenye mguu mbovu kidogo, na wangelala njiani.

Safari hiyo niliiogopa kuliko kinanda. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umebadilika Mara. Baada ya vita vya Uganda bunduki zilikuwa zimezagaa, na mtu aliweza kulala na zizi akaamka na kamba. Sungusungu walikuwa wameundwa kila kijiji, na sheria yao kila mtu aliijua: yowe likilia, kila mwanamume anayelisikia anakimbia. Huulizi nani, huulizi nini. Unashika ulichonacho, unakimbilia sauti, na kama una pembe unaipuliza ili kilima cha pili kisikie. Asiyetoka leo ataulizwa kesho kwa nini hakutoka, na jibu lake halitapendwa. Na mgeni akikutwa anaswaga ng'ombe saa hiyo, wengi hawakupata nafasi ya kujieleza.

Kwa hiyo nilihakikisha kibali cha kusafirisha ng'ombe kimepigwa muhuri, nikakikunja, nikakitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati la mume wangu na kuufunga kwa pini.

"Ukiitwa onyesha hiki kwanza, ndipo usalimie," nilimwambia.

"Hata salamu inahitaji kibali?" alisema, akaondoka na ng'ombe wake huku akiwapigia mbinja.

Mimi na kaka tulipanda lori siku iliyofuata. Kwa shangazi ni mlimani, penye mawe makubwa, na chini yake kuna bonde ambalo njia ya kutoka Bunda inapita. Kaka aliifunga spika juu ya paa la stoo na kuielekeza bondeni. Alisema ng'ombe wakitokeza tu, wageni wapokelewe na muziki wakiwa bado mbali. Nilimsifu kwa wazo hilo. Nilikuwa hata nimeanza kutulia.

Ilikuwa alasiri, jua bado kali. Wanaume wa pale walikuwa nyuma ya nyumba wanakunywa togwa na kubishana. Wanawake tulikuwa mbele, tunachagua mchele, na kaka amekaa katikati yetu na kinanda mapajani. Akamwomba shangazi apige kigelegele. Kigelegele cha shangazi kilikuwa na sifa Butiama nzima. Harusi ambayo hakikusikika watu waliitilia mashaka.

"Hicho kidubwasha chako hakitakula sauti yangu?" aliuliza shangazi.

"Hakikuli, shangazi. Kinaazima tu."

Shangazi akafuta mikono, akainama, akakipiga kigelegele kikali kwenye kile kitundu. Kaka akakinasa. Alipokipiga juu, kilitoka chembamba na cha kasi, kama ndege wengi wameingia uani, na wanawake wakaangua kicheko. Shangazi akaanza kucheza na sauti yake mwenyewe. Kaka akafungulia amplifaya yote. Kinanda kilikuwa na namna ya kurudiarudia sauti kwa muda wote kidole kinapobaki chini, na akaitumia. Alipanda, akashuka kidogo, akapanda tena. Nilijisemea kwamba mzee wa kanzu pesa yake ameshaipata.

Halafu akashuka mpaka chini kabisa, akakaa hapo.

Kigelegele kikijivuta hakibaki kigelegele. Ule ulimi uliokuwa unapiga haraka ukawa unapiga polepole, mzito, na sauti ikapanda na kukatika, ikapanda na kukatika, vilevile kama mwanamke anavyofunika mdomo kwa kiganja na kuufunua anapolilia ng'ombe walioibwa. Lilikuwa yowe. Halikufanana na yowe; lilikuwa yowe lenyewe, kubwa kuliko koo la binadamu, na spika ilikuwa inalipeleka bonde zima.

Wanawake wote tuliganda. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa anatazama vidole vyake, amependezwa.

"Toa mkono!" alifoka shangazi. "Toa mkono, wewe!"

Akautoa. Kisha kutoka kilima cha ng'ambo pembe ikajibu. Ikafuata nyingine kwa nyuma, mbali zaidi. Kisha yowe la mtu halisi, mwanamke asiyejua chochote kuhusu kinanda, akiipokeza habari mbele.

Mume wa shangazi alitokea nyuma ya nyumba na mkuki, wenzake nyuma yake na mapanga.

"Wamepita wapi?" aliuliza huku hasimami.

"Hakuna mwizi!" shangazi alimwambia. "Ni hiki kinanda cha hawa watoto!"

"Yowe nimelisikia kwa masikio yangu, unaniambiaga nini hakuna mwizi?"

Akatupita. Wote wakatupita, watu waliokuwa hatua chache tu kutoka kwetu, wakateremka bondeni wakikata majani kwa viatu. Kama hao hawakusimama, nani mwingine angesimama? Kaka alinyakua kipaza sauti changu cha kuimbia akaanza kupiga kelele kwamba ni makosa, jamani rudini, lakini maneno yake yalikwenda yakagonga mawe na kurudi vipande vipande, na pembe zikazidi. Kwa aliye mbali ilikuwa ni mtu anaomba msaada. Shangazi alichomoa waya kutoka kwenye betri kwa mkono wake, na kaka akakizima na kinanda.

Hapo ndipo akili yangu iliponifikisha bondeni. Jua lilikuwa limefika saa ileile tuliyokuwa tunawategemea wageni. Mume wangu alikuwa bondeni. Alikuwa bondeni, mgeni, na kundi la ng'ombe mbele yake.

"Ng'ombe," nilisema.

Shangazi alinielewa. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye magoti mabaya, na ndiye pekee aliyekuwa na mawazo. "Yowe halirudishwagi," alisema. "Hakuna sauti ya kulifuta. Twendeni tukapokee mahari. Kwa vigelegele, wote, na msinyamaze hata mkianguka."

Tukateremka. Wanawake wote wa pale, na wengine waliotoka nyumba za jirani bila kujua wanaitiwa nini, tukawa tunakimbia kwenye mawe huku tunapiga vigelegele. Mahali palipoibwa ng'ombe hapapigwi vigelegele, hilo hata mlevi analijua, na shangazi alikuwa anategemea hilo tu. Mimi niliyekuwa nalipwa kwa sauti yangu sikuweza kuitoa. Nilifungua mdomo, pumzi ikatoka tupu. Nilikuwa namwona mume wangu amelala kwenye majani. Nilimwona waziwazi, na shati lile na pini yake, na sikuwa nasali wala nini, nilikuwa nahesabu tu mawe ya kukanyaga ili nisichelewe.

Bondeni vumbi lilikuwa limesimama. Ng'ombe walikuwa wametawanyika, wengine wameingia kwenye shamba la mihogo. Watu walikuwa wamefanya duara njiani, wengi, na wengine walikuwa bado wanakuja kutoka pande zote. Katikati ya duara alikuwa amekaa mzee wa Guta, babamkubwa wa bwana harusi. Alikuwa amekaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, mikono kichwani, macho ameyafumba, na bakora yake ameitupa mbali. Baadaye alitueleza kwamba aliwahi kuona kinachompata anayekimbia, kwa hiyo aliposikia watu wanakuja alikaa.

"Kibali kiko wapi?" mtu alikuwa anamuuliza.

"Anacho mwenzangu."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Alisikia yowe, akaenda."

Watu waliguna. Nani angeamini? Kijana mmoja alikuwa na mshale tayari kwenye uzi, na mikono yake ilikuwa inatetemeka, nami nilichoogopa zaidi ni ule mtetemeko.

Shangazi aliingia kwenye duara bila kupunguza mwendo. Alipita chini ya fimbo na mapanga akipiga kigelegele, akavua kanga yake ya juu, akamvisha mzee mabegani kama wanavyovishwa wakwe siku ya mahari. Kisha akapiga magoti mbele yake na kumwamkia, "Shikamoo, mkwe. Karibuni, mmechelewa." Wanawake wakamzunguka. Duara likalegea. Sauti za wanaume zikashuka, wakaanza kuulizana ni nani basi aliyelia.

Mimi sikuwa nawaangalia. Nilikuwa natafuta chini. Nilitafuta kwenye majani, nyuma ya mawe, kwenye mtaro wa maji, nikimtafuta mume wangu pale wanapotafutwa waliopigwa. Nilipoinua macho nikamwona amesimama ndani ya duara, mbele kabisa, hatua moja tu kutoka kwa mzee, fimbo ameishika kwa mikono miwili juu ya kichwa. Shati lilikuwa limelowa. Nilimwita, akanitazama bila kuniona. Nikajua kwamba amerudi kumkinga mwenzake, nikamshika shati nikalia kwa sauti, na nilijivuna katikati ya kilio changu. Nilifungua pini mwenyewe, nikatoa kibali, nikampa kamanda wa sungusungu. Kilikuwa kimelowa jasho lakini muhuri ulisomeka.

Halafu ikawa zamu ya kaka. Kamanda alipanda mpaka kwa shangazi na watu wake wote, akataka aonyeshwe kilichopiga yowe. Kaka alikiwasha kinanda, akabonyeza chini, ikatoka filimbi ya kawaida tu. Kilikuwa kimezimwa, kigelegele kilikuwa kimefutika. Kaka alieleza, akaeleza tena, jasho likimtiririka, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mtu anayeficha mtu. Waliuliza kama shangazi anaweza kupiga kigelegele tena ili kinaswe. Shangazi alifungua mdomo, hapakutoka kitu. Sauti ilikuwa imemkauka njiani. Mwishowe mume wa shangazi akasema faini wataitoa wao, mbuzi wawili, ili mambo yaishe na wageni wale chakula. Kamanda akakubali, ila akasema kile chombo kisilie tena upande ule. Hakikulia. Mahari ilipokelewa kwa mikono na vinywa vya watu.

Kinanda nilikirudisha mwenyewe Bunda. Kaka hakutaka kuja.

"Kimeharibika?" aliuliza mzee wa kanzu.

"Hapana, mzee. Kinafanya kazi vizuri."

Akakiviringisha kwenye kanga yake.

Mume wangu hakuzungumzia siku ile. Watu walikuja kumpa pole, wakamsifu kwa kumrudia mzee wa watu badala ya kuokoa roho yake, na yeye alikuwa anainama kufunga viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. Nilidhani ni ule upole wake. Siku moja tulikuwa tunapalilia mahindi, yeye mstari wake na mimi wangu, akaanza bila kuulizwa.

"Mama watoto, mimi sikurudi kumkinga mzee."

Nilisimamisha jembe.

"Nilisikia yowe, nikajua linatoka kwa shangazi, na wewe uko huko. Nikamwachia mzee ng'ombe, nikakimbia kuja. Mlimani nikakutana na watu, wakasema mwizi ameonekana bondeni, anao ng'ombe, mwingine ameua mtu huko juu. Nikageuka nao. Nilikuwaga na mbio tangu shule. Nilikuwa mbele yao wote."

"Lakini si ulijua bonde hilo ndimo ulimowaacha ng'ombe wenu?"

"Nilijua. Sasa hivi najua. Pale sikujua kitu. Nilimwona mtu amekaa kati ya ng'ombe, nikainua fimbo nimpige ya kichwa. Yule ng'ombe mwenye pembe iliyopinda akanigeukia. Nilikuwa nimelala naye njiani, nimemnywesha maji. Nikamtambua." Akang'oa gugu. "Ng'ombe ndiye niliyemtambua kwanza. Mzee nilimtambua kanga ilipomwangukia mabegani."

Akarudi kwenye mstari wake. Nilimtazama mgongo ule niliolala nyuma yake miaka yote, nikamwogopa, mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha nikakumbuka kwamba mbio zile alizianza ili aniokoe mimi, nikaogopa zaidi.